Fremu ya Marehemu

Mchungaji Obedi, uliyekubali kutuandikia muhtasari. Wazee wetu watatu mliokaa mbele. Shemeji yangu Selina. Ndugu yangu Otuoma, unayeishi naye. Wake na waume wa ukoo huu. Vijana mliosimama kwa kukosa viti. Na wewe Sharon, binti yetu, uliyefika jana jioni kutoka Mwanza: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake, na nawashukuru kwa kuitika.

Leo ni Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025. Tumekutana hapa nyumbani kwetu Rorya kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo. Sharon anauhitaji ili akabidhiwe fremu ya biashara huko Kirumba. Mwenye kiwanja amempa mpaka tarehe 30 ya mwezi huu. Siku ikipita bila muhtasari, fremu anapewa mtu wa kutoa na kuweka fedha kwa simu, ambaye tayari ameshakuja kupima mlango. Mchungaji ameandika kichwa cha habari na majina yetu. Ameacha mstari mmoja wazi. Ni mimi niliyemwomba auache.

Kabla haujajazwa nitawasomea barua sita, za Sharon na zangu mimi, Nathaniel Ojwang, kaka wa baba yake. Baadhi mlizisikia baada ya ibada, lakini nilikuwa nikiruka mahali. Leo siruki. Kazi ya ualimu ilinizoesha kuweka nakala ya kila ninachoandika, kwa hiyo siwezi kudai kwamba niliandika vingine. Mnajua pia kwamba sipokei simu, kwa sababu ya masikio, na kwamba mtoto huyu alilazimika kumkabidhi konda wa basi kila alichotaka kuniambia. Naomba nisikatizwe.

*

Igoma, Mwanza
9 Februari 2025

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naomba shikamoo hii imfikie pia mama yangu, Baba Mdogo Otuoma na wazee wote watakaokuwepo barua ikisomwa. Mimi ni mzima. Mdogo wangu Queen alinipigia, akaniambia mguu wa mama umeanza kukanyaga chini, na kwamba mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nimefurahi kwa yote mawili, ingawa Queen alianza na mbuzi.

Baba Mkubwa, nina jambo linalohitaji ushauri wako. Mama Gladness, aliyenifundisha kufuma masweta ya shule, anamfuata mume wake Geita. Ameniachia mashine mbili za kufumia pamoja na shule mbili zinazonifahamu. Chumba chake anakirudisha kwa mwenyewe, kwa hiyo lazima nipate fremu yangu. Kuna dalali anaitwa Maige, Msukuma mrefu, anayesifia fremu kama mshenga anavyosifia bwana harusi. Amenizungusha wiki nzima.

Fremu ya kwanza iko hapa hapa Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Wateja wanapita, lakini vumbi linaingia nao. Niliacha kipande cha sweta jeupe mezani asubuhi. Saa sita nilikikuta na rangi ya chai. Ya pili iko Butimba, karibu na chuo cha ualimu. Ni safi, ina mwanga, ila ili uifikie unapita sebuleni kwa watu. Ya tatu iko Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Hiyo niliicheka. Mzazi gani atampeleka mtoto darasani akinuka dagaa? Lakini nilipozunguka nyuma niliona dirisha lililowekwa mahali pake hasa, na paa lililopigiliwa na mtu asiyekuwa na haraka. Imefungwa tangu katikati ya mwaka jana. Maige hana ufunguo. Alisema tu, “Dada, hiyo ni fremu ya Marehemu,” akataka tuondoke.

Kilichonishangaza ni wanawake wanaoanika dagaa pale mbele. Kila anayepita na beseni anausemesha ule mlango: “Marehemu, umeamkaje?” Wanaendelea na safari yao bila hata kupunguza mwendo. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu kwamba ni mazoea ya mdomo.

Naomba uniambie nichague ipi.

Binti yako,
Sharon Agutu

*

Rorya
2 Machi 2025

Kwa mwanangu mpendwa Sharon,

Marahaba, na salamu zako zimewafikia wote kwa mpangilio ulioutaka. Mama yako sasa anakwenda kisimani mwenyewe, ingawa tunamkataza. Mvua imetangulia kidogo na tumepanda mahindi shamba la chini. Wiki iliyopita nililipaka chokaa kaburi la baba yako kama nifanyavyo kila mwaka kabla ya masika, ili nyasi zisilifunike.

Kuhusu fremu, jibu langu halina mashaka: chukua ya Butimba. Nilisoma pale miaka miwili na ninaufahamu utulivu wake. Kupita sebuleni kwa watu si aibu. Utajifunza kubisha hodi vizuri, jambo ambalo vijana wa mjini wamelisahau. Mahali penye walimu hapakosi watoto, na mahali penye watoto hapakosi masweta. Mpe Maige jibu hilo kwa heshima na umalize naye.

Kirumba usiende.

Nakutakia baraka za Mungu katika kazi ya mikono yako.

Baba yako mkubwa,
N. Ojwang

*

Ndugu zangu, mstari huo wa Kirumba sikuwasomea siku ile. Naendelea.

*

Igoma, Mwanza
6 Aprili 2025

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa wote. Nashukuru kwa habari za mahindi na za kaburi la baba. Kila unaponiandikia kuhusu chokaa najiona tena nikiwa na miaka mitano, nimeshikilia gauni la mama. Sijui kama niliwahi kukuambia ninachokikumbuka. Nakumbuka shuka nyeupe, na nakumbuka nikiuliza kwa nini baba amekuwa mfupi. Mtu mmoja aliniziba mdomo. Nilikuwa mkubwa ndipo Queen aliponieleza alichosikia kwa bibi: kwamba baba alizama ziwani na mwili haukuonekana, na kwamba kwetu asiyeonekana huzikiwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia kama mguu, ili asibaki akitangatanga.

Samahani, nimetoka nje ya habari. Butimba imeshindikana. Nilipeleka mashine moja kwa majaribio na ikalia dakika kumi. Bibi wa nyumba ile akatoka chumbani ameshika kiuno. “Binti, hiyo ni mashine au ni treni?” Nikamwambia nitakuwa nikifuma mchana tu. “Na mimi nalala mchana tu,” akasema. “Usiku nawaza.” Mwenye nyumba alikataa siku hiyo hiyo.

Najua ulichoniandikia kuhusu Kirumba. Hukuniambia sababu, na mimi nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili za kuhama chumba cha Mama Gladness. Nilirudi. Safari hii Maige alikuja na mwenye kiwanja, mama mmoja wa Kihaya, Bi Paskazia, anayetembea polepole na kuzungumza polepole zaidi. Wakafungua.

Ndani mna redio. Ziko ukutani kwenye rafu tangu chini hadi juu, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe, na wenyewe hawazifuati. Maige alisimama kizingitini, hakuingia. Meza ya kazi inatazama ukuta. Kutoka pale ziwa halionekani, na ni dhahiri kwamba aliyeijenga alitaka hivyo. Nikamuuliza Maige:

“Huyu marehemu alikuwa anaitwa nani?”

“Marehemu.”

“Nauliza jina lake.”

“Dada, ndilo jina. Mimi mwenyewe Marehemu alinitengenezea redio mara mbili. Mara ya pili tukagombana.”

“Kabla hajafa?”

“Sasa ningegombana naye baada?”

Nilicheka, Baba Mkubwa, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Tangu Februari nilidhani wanamtaja mtu aliyekufa. Kumbe walimwita hivyo akiwa hai, miaka yote, wateja, watoto na hata mtendaji wa mtaa. Alipokufa kweli mwezi Juni mwaka jana, hawakuwa na neno jingine la kumwitia.

Bi Paskazia hakucheka. Aliniuliza jina langu, nikamjibu Sharon. Akaniuliza la baba, nikamjibu Okomo. Aliketi kwenye kiti cha fundi kilichokuwa pale mezani, akasema, “Marehemu alikuwa mtu wa huko kwenu. Njoo siku nyingine. Peke yako.”

Kuhusu harufu ya dagaa, wale wanawake wameniondolea hofu. Waume zao huvua dagaa gizani na ziwa lina baridi. Wananiuliza kwa nini siwafumii watu wazima. Nimeandika oda kumi na moja kabla sijapata hata mlango.

Naomba uniambie kama unamfahamu mtu wa kwetu aliyewahi kuishi Kirumba akitengeneza redio.

Binti yako,
Sharon

*

Igoma, Mwanza
25 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima. Ni wiki saba. Konda anasema barua ya Aprili uliipokea kwa mkono wako, ukaisomea pale pale stendi, ukamwambia hakuna majibu. Nimempigia mama, anasema hakuna barua iliyosomwa kanisani.

Sikuulizi tena fremu. Nakuuliza swali nililokuuliza.

Sharon

*

Rorya
8 Juni 2025

Kwa mwanangu mpendwa Sharon,

Marahaba. Barua zako mbili zimenifikia. Nilichelewa kuijibu ya kwanza kwa sababu ya shughuli za kuezeka kanisa, ambazo kama ujuavyo niliteuliwa kuzisimamia. Kisha macho yalinisumbua. Kisha basi halikupita kwa siku kadhaa kutokana na daraja. Mama yako anakusalimu. Queen amefaulu mitihani ya muhula. Mahindi yamekomaa na nyani wameanza kuyazoea.

Kuhusu fremu, nimetafakari upya na naona Igoma inafaa kuliko nilivyodhani. Vumbi hufutika. Weka pazia la mlango, funika uzi kwa nailoni, na mashine ifunikwe kila unapoondoka. Watu wengi wamefanikiwa mahali penye vumbi.

Ama kuhusu huyo fundi, marehemu ni wengi, na watu wa ziwani hupeana majina ya utani yasiyo na maana. Si busara kwa binti anayeanza biashara kuchunguza habari za wapangaji waliomtangulia. Chumba kina kuta nne na paa. Mengine si ya mpangaji.

Nakuombea.

Baba yako mkubwa,
N. Ojwang

*

Mzee mwenzangu, naona unatikisa kichwa. Tikisa. Nilipoiandika barua hiyo niliiona nzuri, hata nikairudia kuisoma kwa ajili ya lugha yake. Inayofuata ndiyo ya mwisho.

*

Kirumba, Mwanza
13 Julai 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua hii naiandikia ndani ya fremu. Bi Paskazia ananiruhusu kukaa mchana, bila ufunguo.

Nilikwenda peke yangu kama alivyoniambia. Alinionyesha mkataba. Mwaka 2011 fundi huyu alijenga fremu kwa mikono yake kwenye kiwanja cha Bi Paskazia, kwa makubaliano kwamba aitumie miaka ishirini. Imebaki sita. Chini pamesainiwa Y. Okomo. Bi Paskazia alisema alificha karatasi ile kwa miezi mitatu kwa sababu alimwahidi marehemu kwamba hatapeleka habari nyumbani kwao; kama kuna mtu wa kujua, aje mwenyewe. Mimi nimekuja mwenyewe, nikitafuta mahali pa kuweka mashine mbili.

Nilimuuliza kwa nini fundi aliitwa Marehemu. Nitaandika alivyonijibu.

“Alijiita mwenyewe. Alikuja huku anachechemea. Mashua yao ilipinduka mwezi wa tano mwaka 2004, wavuvi wakamwokota, wakampeleka kisiwani upande wa Ukerewe, mguu umevunjika. Alilala huko miezi. Siku moja mvuvi akawasha redio, ikaja saa ya matangazo ya vifo. Akasikia jina lake. Kaka yake anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake mpendwa, habari ziwafikie fulani na fulani. Akawaambia wale wavuvi, ‘Huyo ni mimi.’ Wakacheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo kila anayemuuliza jina anamwambia Marehemu. Kisha akasikia kwamba wamemzikia tunda. Akaniambia, ‘Paskazia, mimi nyumbani nina kaburi zuri, linapakwa chokaa. Nikienda, nitasimama upande gani?’”

Baba Mkubwa, kuna jambo jingine, na hili sikuambiwa na mtu. Kwenye msumari nyuma ya mlango kuna sweta la kijani la shule, la kifua cha inchi thelathini na nane. Nililigeuza nikatazama kwapani. Mimi hufunga uzi kwa fundo la mara mbili, na Mama Gladness alikuwa akinigombeza kwamba napoteza uzi. Hakuna mwingine Igoma anayefanya hivyo. Ni sweta langu.

Namkumbuka. Alikuja mwaka juzi, mzee mwembamba anayechechemea. Nikamwambia saizi hiyo ya shule hatuna. Akasema nifume.

“Mwanafunzi mwenyewe yuko wapi?”

“Ni mimi.”

“Na shule?”

“Nimechelewa kuanza.”

Tulicheka, mimi na Mama Gladness. Nikachukua futi ya kupimia, nikaizungusha kifuani kwake. Alinyanyua mikono kama mtoto. Nikamwambia, “Mzee, pumua, usibane.” Akanijibu, “Nikipumua utakosea.” Alilipokea sweta baada ya siku nne, akaniuliza kama nyumbani ni wazima. Nikasema ni wazima. Hakurudi.

Nimekaa Mwanza miaka mitatu. Aliishi huku nusu saa kutoka kwangu. Alikufa kwa kifua, akazikwa na majirani, na kwenye kibali cha mazishi, mahali pa kuandika ndugu, pameandikwa kwamba hakuna.

Wanawake wa dagaa wanaendelea kuusalimu mlango asubuhi. Juzi nilikuwa ndani, nimeinama mezani, mmoja akasema, “Marehemu, umeamkaje?” Nikajikuta nimeitika, “Salama.” Beseni lilianguka. Wote walikimbia, kisha wakarudi, wakanitazama usoni mmoja baada ya mwingine. Yule wa kwanza akasema, “Ndiyo maana. Ni uso ule ule.”

Fremu nyingine sitaki tena. Bi Paskazia atanikabidhi kama mtoto wa marehemu, ila anataka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye tarehe ya kifo na sahihi za wakubwa, upitie serikali ya mtaa. Ni mpaka tarehe 30 Septemba, kwa sababu wanawe wameshamtafutia mpangaji.

Sina la kuuliza isipokuwa moja, na naomba usinijibu kwa habari za mahindi. Ulijua?

Sharon Agutu Okomo

*

Zimekwisha. Barua hiyo ya Julai sikuijibu kwa maandishi. Jibu lake ni kikao hiki.

Otuoma, naona umesimama. Nimeomba nisikatizwe. Kama huwezi kukaa, basi simama. Una haki ya kusikia ukiwa umesimama.

Shemeji Selina, nimekusikia. Umeuliza kile kile alichouliza mtoto.

Nilijua. Nilijua tangu tarehe 19 Januari 2005, saa nne asubuhi, nikiwa ofisi ya walimu. Barua yake ilinifikia, imeandikwa kwa penseli. Yakobo, mdogo wangu, alisema yuko Kirumba, mguu umeunga vibaya, anajifunza kutengeneza redio. Alisema alilisikia tangazo langu na kwamba nililisema vizuri. Hakuwa na hasira. Aliniuliza jambo moja: mtu aliyekwisha kuzikwa afanye nini ili apokewe kwao? Niwaulize wazee, nimwandikie, naye atafanya lolote watakalosema.

Wazee mliopo hapa sikuwauliza. Watatu mnanishuhudia kwamba sikuwauliza. Wakati ule Selina alikuwa ameshachukuliwa na Otuoma kwa utaratibu wetu wa kurithi mjane, tena kwa uongozi wangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono Selina nikamwambia kwamba mambo ya Yakobo yamekwisha. Na Queen alikuwa tumboni. Nilichana karatasi kwenye daftari la mwanafunzi nikaandika sentensi tatu. Hiyo ndiyo barua pekee ambayo sikuiwekea nakala, na ndiyo pekee ninayoikumbuka kwa moyo: “Tumekwisha kukuzika. Mke wako ana mimba ya Otuoma. Ukija, utamweka nani kwenye lile kaburi?”

Hakuandika tena.

Nilijiambia kwamba nimewalinda watu watatu na yule aliyekuwa tumboni. Huenda niliwalinda. Lakini kila mwaka nilipochovya brashi kwenye chokaa nilikuwa nampaka mtu chokaa akiwa hai, na tangu Juni mwaka jana nimekuwa nikilipaka tunda huku mwenyewe amelala mahali pasipo hata kijiti. Mnasema masikio yangu hayapokei simu. Daktari aliyeyapima hakuona kasoro ya kutisha. Niliogopa kwamba siku moja itaita, na sauti itakuwa ile. Redio niliiuza kwa sababu hiyo hiyo. Selina, miaka ishirini ulikuwa ukiniuliza kwa nini nyumba ya mwalimu haina redio.

Wiki hii mmoja wetu alinijia kwa nia njema akanishauri njia nyepesi. Alisema tuandike kwamba fundi huyo alikuwa ndugu wa mbali aliyebeba jina moja na Yakobo, Sharon apate fremu yake na kila nyumba ibaki na amani yake. Mwenye kiwanja hawajui watu wa ukoo wetu, na muhuri utagongwa. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, na sitawadanganya, lilinipendeza. Tukilifuata, Sharon ataingia katika chumba kile kama mrithi wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Kibali kile kilichosema kwamba hana ndugu kitakuwa kimesema kweli, nasi ndio tutakuwa tumekithibitisha kwa sahihi zetu.

Nyumba ya Selina na Otuoma ni halali mbele yangu, na atakayewanyooshea kidole aninyooshee mimi kwanza. Hakuna anayehamishwa leo. Kinachohamishwa ni tarehe.

Kwa nafasi mliyonipa ya kuongoza ukoo huu, na likiwa jambo la mwisho ninaloamua katika nafasi hiyo, nimeamua hivi. Muhtasari wetu wa mwaka 2004, uliosema kwamba Yakobo Okomo alikufa ziwani tarehe 2 Mei, unafutwa leo, na barua hizi sita zitabanwa nyuma yake. Katika mstari ulio wazi ataandika Mchungaji: “Yakobo Okomo, fundi redio, mume wa Selina, baba wa Sharon, alifariki Kirumba, Mwanza, tarehe 11 Juni 2024.” Sahihi ya kwanza ni ya Selina. Otuoma, ya pili ni yako, ukiridhia. Usiporidhia, nafasi ibaki tupu na isijazwe na mtu mwingine. Wazee watafuata, kisha wote waliosaini ule wa kwanza. Mimi nitasaini mwisho, na mbele ya jina langu paandikwe neno moja: “Alijua.”

Basi la Mwanza linapita kesho saa kumi na mbili asubuhi. Wote waliosaini mwaka 2004 na bado wanatembea watapanda pamoja na Sharon, nami nikiwemo, tukaonyeshwa alipolala.

Mchungaji, uusome mstari huo kwa sauti mara moja. Kisha mpe Selina kalamu.